Kumkabidhi Mjane

Mimi ndiye niliyemuua Mjane. Nilimuua kwa ubeti mmoja, saa sita na robo mchana, watu wakiwa na mayai midomoni.

Mjane hakuwa mtu. Alikuwa kipande cha burleski, sanaa yetu ya kuvua nguo jukwaani kwa madaha na kejeli. Mwanamke anaingia amevaa nguo nyeusi za msiba tangu utosini hadi kisiginoni, kipande kina dakika saba, na katika dakika sita za mwanzo havui kitu ila glavu mbili. Glavu tu, kidole kwa kidole. Nimeona wanaume wazima wameshika uma hewani dakika sita nzima, kamba wa baharini amening'inia, siagi inadondokea suruali, na hawana habari. Hicho ndicho kipande. Wanaodhani kazi yetu ni kuvua upesi waende ufukweni, huko watu wamekwisha kuvuliwa tayari.

Bi Opal Fontenette alikitunga mwaka hamsini na tatu, hapa hapa New Orleans, alipomzika mumewe asubuhi na jioni akatakiwa kazini. Alipochoka magoti akamkabidhi Delphine Robicheaux. Na Delphine ndiye mwenye onyesho letu. Jukwaani anaitwa Madam Kimondo. Nje ya jukwaa ndiye anayepanga wachezaji, anayeshona, anayebandika matangazo kwenye nguzo za umeme, anayegombana na wapishi wasigonge masufuria wakati wa kinanda. Kila Jumapili, kwenye mgahawa mmoja wa barabara ya St. Claude, watu wanakula kifungua kinywa cha kuchelewa na sisi tunawachezea. Ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na moja hajakosa Jumapili hata moja, hata ile ya maji kujaa barabarani, alipokuja na viatu vya kisigino mkononi na mabuti ya mpira mguuni.

Mimi naitwa Anatole Guidry. Ndimi mshereheshaji. Kila mchezaji anaingia kwa ubeti wangu. Sikufundishwa ushairi na mtu. Nilijifunza kwa kuhesabu silabi kwenye vidole nikiosha sahani jikoni mwa mgahawa huo huo. Siku moja mshereheshaji wa zamani akaharibu vina mbele ya watu, nikampigia kelele kupitia dirisha la kutolea chakula. Delphine akaja jikoni na soksi zake za wavu.

"Nani amebweka?"

"Mimi, Bi Delphine. Amekosea."

"Najua amekosea. Jumapili ijayo utabweka mbele."

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na tangu siku hiyo sikuwahi kumwogopa mtu nikiwa na kipaza sauti. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Sasa, vipande kama Mjane vina sheria, na sheria hiyo haikuandikwa popote. Mwenye kipande akitaka kukitoa, humfundisha mmoja tu. Aliyefundishwa hukicheza mbele ya mwalimu wake na mbele ya wakongwe, bila kudondosha kitu, yaani bila kuruka hatua hata moja. Kisha mshereheshaji hutamka kwenye kipaza sauti kwamba kimetoka mkono huu kimeingia mkono ule. Wakongwe hugonga vijiko kwenye vikombe, na basi. Tangu hapo aliyekitoa hakichezi tena maisha yake yote. Anayecheza kipande kisicho chake huitwa mwizi, na mwizi hapati jukwaa kutoka hapa hadi Chicago. Delphine mwenyewe aliwahi kumfukuza msichana mmoja, Lisette, kwa kuiba ngoma ya mapazia ya mwenzake. Lisette alilia mpaka kope za bandia zikamwangukia mdomoni. Delphine alimpa kitambaa na akamfungulia mlango.

Mwaka huo Delphine alikuwa na jambo moja tu moyoni, na jambo hilo lilikuwa Juni. Kila Juni wakongwe wa burleski hukutana jangwani, Nevada, na hao ndio mahakimu wetu. Miaka ishirini alikuwa akituma barua, nao wakimjibu kwa heshima kwamba nafasi hakuna. Safari hii waliandika: njoo, umcheze Mjane usiku wa mwisho. Barua ile aliibandika ndani ya mlango wa kabati la manyoya. Kila akifungua kutoa pepeo la manyoya, anaisoma, anafunga. Juni angemcheza Mjane mara moja mbele ya watu wanaojua wanachokitazama, halafu arudi amkabidhi mwanafunzi wake, kwa sababu magoti yake nayo yalikuwa yameanza kusema.

Mwanafunzi alikuwa Perrine Duplantis, jina la jukwaani Ndimu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mdomo mkali, mikono mizuri. Alifundishwa mwaka mzima, na mwaka mzima alikosea, kila mara kwenye kidole kidogo cha glavu ya kushoto. Anakivuta kwa haraka. "Wewe unatoa glavu au unang'oa jino?" Delphine alikuwa akimuuliza.

Nami tangu Oktoba nilikuwa nimeandika ubeti wa kukabidhi. Naweza kusema bila aibu kwamba ulikuwa bora kuliko kitu chochote nilichopata kuandika. Nilikuwa nao mfukoni kila Jumapili, kama mtu anayetembea na pete akingoja siku.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya pili ya Mei. Wakongwe wanne walikuwa wamekuja kula pamoja nasi, wamekaa meza ya mbele na kofia zao, na katikati yao Bi Earline Toussaint, mwenye miaka themanini na minane, aliyewahi kucheza na kasa hai. Perrine alikuwa amepangwa kumjaribu Mjane mbele yao. Kujaribu tu.

Nilipita chumba cha kuvalia kuchukua orodha. Delphine alikuwa anamfunga Perrine vifungo vya mgongoni, na wote wawili walikuwa kimya, jambo ambalo katika chumba kile halijawahi kutokea. Wasichana wengine walikuwa wanagombania gundi ya vibandiko vya kifuani.

"Anatole," Delphine akasema bila kugeuka, "huyu leo mtaje jina lake, basi. Mistari yako iache mfukoni."

"Ule wa kukabidhi?"

"Wote."

"Kwa nini? Hata wa kumkaribisha?"

"Nitakwambia baadaye. Toka, umesimama juu ya utaji."

Nikatoka nimevimba. Kumkaribisha mchezaji bila ubeti ni kama kumwita mtu kliniki. Lakini nilitii. Nilimtaja jina, nikakaa pembeni, kinanda kikaanza taratibu.

Na Perrine akacheza.

Sijui niliseme vipi. Alikuwa akikosea mwaka mzima, na siku hiyo hakukosea. Aliingia kama mtu aliyetoka kaburini kwa miguu yake mwenyewe. Alifungua kifungo cha kwanza cha glavu, akasahau, akakumbuka. Alipofika kile kidole kidogo cha kushoto, alikivuta kwa meno polepole hivi kwamba mpiga ngoma alisahau kupiga, na ule ukimya ukawa mzuri kuliko ngoma. Bi Earline aliweka uma chini. Glavu ilipoanguka, mwanamume mmoja nyuma akasema "Ee Mungu" kwa sauti ya mtu aliyepokea habari mbaya.

Nikatazama kando ya jukwaa. Delphine alikuwa amesimama pale anatoa machozi. Niliyaona machozi, nikajifanya najua kuyasoma. Nikajiambia: anataka, ila kiburi kinamzuia kuomba. Mimi ninakijua kiburi. Juni sikuikumbuka, naapa. Mtu mwenye mistari mikali mdomoni hakumbuki kalenda.

Nikashika kipaza sauti.

*Mkono uliopewa, leo unatoa pia,*
*Cha Opali kilikuwa, Kimondo akashikia,*
*Leo kimechukuliwa, Ndimu amekifikia,*
*Kilichokwisha tolewa, hakigeuziwi njia.*

Watu walisimama. Walipiga makofi mpaka sahani zikatetemeka. Na meza ya mbele, Bi Earline akachukua kijiko akagonga kikombe chake cha kahawa, ting, na wenzake watatu wakafuata, ting, ting, ting.

Perrine alinigeukia. Chini ya utaji uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kama sahani. Delphine akatoka kando ya jukwaa, anatabasamu lile tabasamu la kazini lenye meno yote, akaziokota glavu mbili sakafuni, akazilaza juu ya mikono ya Perrine, akambusu paji la uso. Ilibidi. Wakongwe walikuwa wanatazama. Aliponipita karibu alisema kwa sauti ya chini, huku bado anatabasamu: "Endelea. Anayefuata ni Dottie na hula-hupu yake ya kiunoni. Usisahau kuwaambia jikoni wazime feni."

Nilimkuta Perrine uani, karibu na mapipa, ameshavaa jinzi, bado ana wanja wa msiba.

"Hongera," nikasema.

"Hongera ya mama yako! Nani alikwambia uongee?"

"Umecheza vizuri kuliko wote. Nilisema kilicho kweli."

"Nimecheza vizuri kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho, mpumbavu wewe! Naacha. Nilimwambia Bi Delphine asubuhi. Ijumaa nahamia Houston."

"Houston kuna nini?"

"Meno."

"Meno?"

"Kliniki ya meno. Nimepata chuo, mchana nafanya kazi kwao, jioni nasoma. Meno ya watu, Anatole. Meno yana bima ya afya. Mjane ana bima?" Alifuta wanja kwa kiganja ukasambaa mpaka sikioni. "Nilimwomba aniache nimcheze mara moja nimuage. Akaniruhusu. Hakutaka niwaambie kabla onyesho halijaisha, wasichana wasije wakalia wakaharibu sura. Na wewe unakuja na mashairi yako."

"Basi mrudishie."

"Nimrudishie vipi? Umesikia vile vijiko?"

"Sema ulidondosha kitu. Sema ulikosea."

Akaacha kufuta wanja. "Nilikosea?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nina uwezo wa kusema maneno mengi, lakini hilo halikutoka.

"Mara moja tu maishani mwangu nimefanya kitu bila kosa," Perrine akasema, "na wewe unataka nikasingizie. Wakongwe wanne walikuwa umbali wa mkono. Hawana meno lakini macho wanayo." Akabeba begi lake. Glavu zilikuwa zimechomoza kwenye mfuko wa pembeni, kama mtu anayeomba lifti.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Earline, mtaa wa Tremé. Ilikuwa Jumatatu, siku ya maharage mekundu mjini kwetu, na nyumba nzima ilinukia. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza na sufuria ya vitunguu mapajani.

"Mtoto wa mistari," akasema. "Kaa. Usikae hapo, hapo ni pa paka."

Nikamweleza yote. Kwamba nilikatazwa. Kwamba Perrine anaacha. Kwamba Juni imebaki wiki tatu na Delphine ameingoja miaka ishirini. Nikamwambia kosa ni langu, wala si la mtu mwingine, na kwamba kama wakongwe watatamka kuwa tangazo lile halihesabiki, mimi nitasimama mbele ya watu wote nijitukane.

"Utajitukana kwa vina?"

"Kwa vyovyote, Bi Earline."

"Hmm." Alikata kitunguu. "Yule binti alidondosha kitu?"

"Hapana."

"Delphine alikuwepo?"

"Ndiyo."

"Alizilaza glavu mikononi mwake, au sikuona vizuri? Maana nina mtoto wa jicho huku kushoto."

"Alizilaza. Lakini hakuwa na la kufanya, nanyi mlikuwa mnatazama—"

"Sasa sikiliza, mwanangu. Unajua Opal alimkabidhi Delphine siku gani? Siku Opal amelewa. Alikuwa amelewa kabisa. Mshereheshaji alitamka, sisi tukagonga, asubuhi Opal akaamka akakitaka kipande chake. Alilia hapa hapa, kwenye kiti hicho ulichokalia. Tulimwambia hapana. Alikaa miaka sita kabla hajafa na hakukicheza tena. Sasa nikikufutia wewe maneno yako, nitakuwa nimefuta ya siku ile. Basi Delphine atakuwa na nini? Miaka yote hiyo atakuwa alicheza kipande cha wizi."

Nilichukua kitunguu kimoja, nikaanza kukimenya.

"Delphine analijua hilo?" nikauliza. "La kulewa?"

"Ndiye aliyemshika Opal nywele akitapika. Kula maharage kabla hujaondoka. Umekonda, unafanana na ushairi."

Nikala. Yalikuwa matamu, nikayala yote, na nilijichukia kwa kila kijiko.

Delphine nilimkuta jioni ile ile kwenye chumba chake cha kushonea, nyuma ya nyumba, anabandika shanga za kumetameta kwenye sidiria ya Dottie kwa koleo ndogo. Kabati la manyoya lilikuwa wazi na barua haikuwepo mlangoni. Palibaki pembe nne za gundi.

"Umetoka kwa Earline," akasema. "Unanukia vitunguu."

"Amekataa."

"Ningemshangaa kama angekubali."

"Bi Delphine, nenda Juni. Mcheze. Nani atakuzuia? Watu wengi wa jangwani hawakuwepo. Perrine hatasema. Mimi nitajifunga mdomo kwa waya."

"Mimi nilikuwepo."

"Wewe si—"

"Lisette nilimfukuza kwa jambo gani, Anatole?"

Niliinama kuokota shanga iliyoanguka.

"Mbele ya kioo kile pale," akasema. "Alinipigia magoti. Ana mtoto, nikamfukuza. Sasa unataka niende jangwani nikavue glavu ambazo si zangu mbele ya Earline, asiyekosa Juni hata moja, halafu Jumapili nirudi niwaambie wasichana nini?" Alichukua shanga moja, akaitia gundi, akaibandika, akaibonyeza kwa kidole mpaka ikashika. "Nimewapigia simu Nevada asubuhi. Nafasi wamempa mwanamke wa Detroit mwenye upanga. Mzuri sana. Nilimwona mwaka juzi."

"Perrine anaweza kumfundisha mtu mwingine. Kipande kikaendelea."

"Perrine anaondoka Ijumaa. Kumfundisha mtu kidole kimoja kulinichukua mwaka mzima. Na atafundisha nini? Alikipata mara moja, hata yeye hajui alikipataje." Akainua sidiria kwenye taa, akaigeuza. "Yuko hai, anajua hatua zote, ataosha meno ya watu mpaka astaafu. Ndivyo vipande vinavyokufa. Vingi vimekufa hivyo."

Nilipiga goti. Sikuwa nimepanga. Nilisema nisamehe, nilisema mama, neno ambalo sikuwahi kumwita.

"Inuka," akasema. "Usiniombe msamaha, msamaha nao utautafutia vina."

Haikuwa kwa hasira. Angenirushia koleo ningeshukuru. Alisema kama anavyosema feni izimwe.

"Nataka kuacha kazi," nikasema.

"Huachi. Sina mwingine, na Jumapili nina pengo kwenye orodha, nafasi ya mwisho. Nitaicheza mwenyewe."

"Utacheza nini?"

"Maputo."

Maputo ni kipande cha wanaoanza. Mchezaji huvaa maputo ishirini na watu wa meza za mbele huyapasua kwa uma, moja moja, kwa kufuata ngoma. Hakina siri wala mwenyewe. Kila mji unacho na hakuna aliyewahi kumkabidhi mtu. Delphine alikuwa hajakicheza tangu alipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Alisema hivyo na akaniomba nimpitishie kopo la gundi.

Jumapili mgahawa ulijaa. Hao waliosimama wiki iliyopita wengi walirudi na rafiki zao, wamesikia habari za glavu. Mwanamume yule wa "Ee Mungu" alikuja na mkewe. Aliniuliza mlangoni kama mwanamke wa msiba yupo leo, nikamwambia hayupo, akauliza atarudi lini. Nikamwelekeza kwenye meza yake.

Kwa wiki nzima nilikuwa nimejaribu kuandika ubeti wa kumwingiza Delphine. Niliandika thelathini. Mingine ilikuwa mizuri, na hiyo ndiyo niliyoichoma kwanza. Nilisimama nikasema: "Madam Kimondo." Ngoma ikaanza.

Aliingia na maputo yake mekundu, anayumbisha mabega, tabasamu lote mahali pake. Watu walicheka, wakainua uma. Lakini walikuwa wameshakunywa, na hawakungoja ngoma. Meza tatu zilimrukia pamoja. Paa, paa, paa, na mke wa yule mwanamume akapasua mawili kwa mpigo, akamgeukia mumewe aone. Kabla wimbo haujafika nusu Delphine alikuwa amebakiwa na maputo manne na vipande vya mpira vinavyoning'inia kwenye nyuzi. Mpiga kinanda alinitazama kuuliza akate. Delphine alimfanyia ishara kwa kidole: endelea. Akaendelea kucheza na manne hayo, akiyageuza huku na huku kama ni ishirini, wakati watu wamekwisha kurudia mayai yao na mhudumu anapita kati yake na meza akiuliza nani aliagiza siagi.

Alipomaliza alipiga goti la heshima. Walipiga makofi wachache, wale waliokuwa na mikono mitupu.

Nikashika kipaza sauti, nikawaambia kahawa bado ipo.